Swali la Saba

Jumamosi, tarehe kumi na nne mwezi wa sita. Manyunyu tangu alfajiri, upepo kidogo, mawingu yanaanza kutawanyika upande wa soko.

Ndivyo Katibu alivyoandika asubuhi hiyo kwenye daftari la kikundi, hata chai hajachemsha. Mwalimu wao wa jioni aliwafundisha hivyo siku ya kwanza: mtu akikosa pa kuanzia, na aanze na tarehe na hali ya hewa, maneno mengine yatafuata nyuma kama mbuzi. Katibu alikuwa dobi wa nyumba ya wageni, mama wa miaka hamsini na mitatu, na kalamu aliishika kwa mara ya kwanza akiwa na arobaini na tisa. Sasa hata wajukuu zake walimwita Katibu, naye aliitika kwa raha.

Alifunga daftari, akapiga magoti kando ya kitanda, akashukuru. Alimshukuru Mungu kwa Mwalimu, anayefundisha watu wazima bila mshahara katika chumba cha kuazima cha shule ya msingi. Alishukuru kwa mfuko wa jamii, ambao ulikuwa umewanyima ruzuku mara mbili na safari hii ukakubali. Leo ndiyo siku ya makabidhiano: miwani ya kusomea arobaini, madawati mapya, taa za sola, ubao usio na nyufa. Alishukuru kwa vyote hivyo, kimoja kimoja. Lakini kulikuwa na jambo moja alilolizunguka katika sala ile, kama mtu mwenye viatu vipya anavyozunguka dimbwi, kisha akasema amina haraka haraka.

Jambo lenyewe lilikuwa hili.

Fomu ya mfuko ilikuwa na maswali tisa, na la saba lilisema: "Simulia maisha ya mtu mmoja ambaye mradi huu utamsaidia." Mwaka wa kwanza Katibu alijibu kwamba watu ni wengi na wote wana shida. Mwaka wa pili alijibu vilevile, ila kwa mwandiko mzuri zaidi. Mara zote mbili jibu lilirudi kwamba maombi hayakuonyesha uhitaji vya kutosha.

"Wanataka machozi hao," alisema Meja, mlinzi mstaafu aliyekaa dawati la mbele kwa sababu macho yake hayakufika ubaoni. "Wape machozi, Katibu. Ukienda kuomba maji na mtungi umejaa, nani atakuchotea?"

Mwaka wa tatu Katibu aliketi na fomu mezani, akamwomba Mungu ampe maneno. Maneno yakaja, tena mengi. Ila hayakuwa yake.

Darasani kwao kulikuwa na desturi ya kuazimana mkono. Aliyetangulia kujua kuandika aliketi dawati la nyuma na asiyejua bado. Huyu anasema, yule anaandika kama ilivyosemwa, anamsomea, anamkabidhi karatasi yake, basi. Kilichopita hapo hakikutoka hapo. Sheria hiyo haikuandikwa popote, wala hakuna aliyewahi kuivunja.

Fundi alikuwa mshona nguo, jirani wa Katibu ukuta kwa ukuta na shoga yake wa miaka ishirini. Walijiandikisha darasani siku moja, mmoja akimvuta mwenzake kwa aibu. Fundi alikuwa mjane. Mumewe, seremala, alikufa kwa uvimbe wa tumboni akingoja kuitwa hospitali. Jioni moja, katika mwezi wa saba wa masomo, Fundi alikuja na bahasha ya kaki aliyoikuta chini ya vitambaa chakavu, ndani ya kisanduku cha cherehani yake. Akaifungua juu ya dawati, akaisoma mwenyewe, kidole kikitangulia na midomo ikifuata. Ilikuwa barua ya hospitali, ikimtaka mumewe afike tarehe fulani apasuliwe. Ilipoletwa, mume alikuwa kazini mji mwingine. Fundi aliidhani ni notisi ya ushuru wa kibanda, akaenda akalipa ushuru, akaitia kisandukuni, akaisahau. Mume akarudi, akaendelea kungoja kuitwa, mpaka siku ambayo hakungoja tena.

Fundi hakulia. Alisema tu, "Niazime mkono."

Akaanza kutamka barua ya kumwandikia mama mkwe wake. "Mama, mwanao aliitwa, na mimi ndiye niliyeuziba mlango. Nilikaa juu ya uhai wake nikishona sare za watoto wa watu." Iliendelea hivyo ukurasa mzima. Katibu aliandika kila neno. Alipomaliza Fundi aliikunja, akaitia kifuani. "Nitampa mwenyewe," alisema, "siku nikipata moyo."

Hayo ndiyo maneno Katibu aliyoyaandika kwenye swali la saba. Karatasi hakuwa nayo, lakini aliyakumbuka yote, kwa kuwa mkono wake haukuwahi kuandika kitu kizuri kama hicho. Alipunguza hapa, akaongeza pale, na mahali pa "mimi" akaweka "mjane mmoja mshonaji." Chini ya ukurasa kulikuwa na kisanduku kidogo: Je, mhusika ametoa idhini? Akatia alama ya vema, akasaini.

Mwalimu alipoisoma alivua miwani yake, akaifuta. "Katibu, hii umeitoa wapi?"

"Ni Mungu tu, Mwalimu," alijibu.

Na katika yote, hilo ndilo lililokuwa likimchoma zaidi kila alipopiga magoti.

Kufikia saa nne uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Turubai lilifungwa kati ya miti miwili ya goli na ukuta wa choo, viti vya kukodi vikapangwa, spika mbili zikakoroma. Afisa wa mfuko, dada mchangamfu mwenye koti lililonyooka, alikuja na bango na hundi ya kadibodi ndefu kama mlango. Fundi alikuwa ameshona kitambaa cha meza bila kudai hata senti. Sasa alikaa mstari wa mbele, nje kidogo ya turubai, kando ya mama mkwe wake, bibi aliyeheshimiwa mtaa mzima, akimshikia mwavuli.

Miwani iligawiwa kwanza. Meja alivaa yake, akageuka kumtazama mkewe aliyekaa nyuma.

"Haa! Kumbe huyu mwanamke ana masharubu!"

"Na wewe vaa vizuri ujione mwenyewe!" mkewe akamrudishia. "Miaka thelathini najilaza karibu na kinyago!"

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Katibu alicheka nao. Alikuwa na furaha kweli. Mama mmoja muuza mboga alishika kitabu, akakisogeza mbali, akakisogeza karibu, akaanza kulia polepole kwa sababu herufi zilikuwa zimesimama sawa.

Kisha afisa akashika kipaza sauti.

"Wapendwa, nataka mjue kwa nini kamati iliwachagua ninyi. Tulipokea maombi mia na sitini. Lakini tulipofika swali la saba la kikundi hiki, mjumbe wetu mmoja alitoka nje akalie. Naomba niwasomee."

 Katibu hakuwahi kufikiri kwamba ingesomwa. Alidhani fomu ikishaingia ofisini hulazwa kwenye faili, na ikilazwa haiamki.

Afisa alisoma vizuri, kwa sauti tulivu. Mjane mmoja mshonaji. Bahasha ya kaki. Kisanduku cha cherehani. Ushuru wa kibanda. Alipofika "alikaa juu ya uhai wa mumewe akishona sare za watoto wa watu," vichwa vilikuwa vimeshaanza kugeuka, kimoja, viwili, halafu mstari mzima, kama watu wanaotazama gari likipita. Mtaani pale mjane mshonaji alikuwa mmoja tu, na kila mtoto aliyesimama uwanjani alikuwa amevaa sare aliyoishona.

Mwavuli ulianza kushuka. Ulishuka taratibu mpaka ukagusa ardhi, na manyunyu yakamlowesha yule bibi kichwani, asijifute.

"Aliyeandika maneno haya ni nani?" afisa aliuliza. "Asimame tumpigie makofi!"

"Katibu! Simama, Katibu!" Meja alimsukuma begani, kwa fahari.

Katibu akasimama. Kipaza sauti kikawekwa mkononi mwake. Palikuwa na nafasi pale, fupi lakini ya kutosha, ya kusema neno moja la kweli. Aliiona. Macho yake na ya Fundi yakakutana juu ya kitambaa cheupe cha meza.

"Tunamshukuru Mungu," alisema Katibu, akaketi.

Makofi yakapigwa. Katikati ya makofi yale alimwona yule bibi akimuuliza mkwewe jambo moja, na mkwewe akitikisa kichwa kukubali. Bibi akautoa mkono wake mapajani mwa Fundi, akauweka kwenye fimbo yake.

Watu walipotawanyika, Katibu alimkuta Fundi mezani akikunja kile kitambaa, pembe juu ya pembe.

"Shoga," alianza, "jina lako sikulitaja."

Fundi hakuinua uso. "Jina hukulitaja. Ulitaja cherehani, ukataja kisanduku, ukataja ushuru. Ungetaja jina ingekuwa afadhali, ningesema ni mwingine tu wa jina langu."

"Nilikuwa nawatafutia watu miwani."

"Na umewapatia." Alikunja tena, ingawa kitambaa kilikuwa kimeshakuwa kidogo kama leso. "Miaka mitatu nazunguka nyumba ya yule mama. Nafika mlangoni, narudi. Nilijisemea, mwezi huu. Kumbe wewe ulishatangulia, tena na spika."

"Nisamehe, dada."

"Niache nikunje kitambaa changu."

Katibu alikwenda nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo wanafunzi wa mchana huoshea miguu, akapiga magoti kwenye tope na vazi lake la sherehe. "Mungu nisamehe," alisema. Hapo hapo akaongeza kwamba walikuwa wamekataliwa mara mbili, na kwamba wanafunzi walikuwa hawaoni, na kwamba taa ya chemli ilikuwa inawatoa machozi, na kwamba nia yake ilikuwa njema. Akasikia sauti yake mwenyewe ikipanda na kushuka, ikipanga sababu moja baada ya nyingine. Alikuwa anamjazia Mungu fomu. Akanyamaza.  Aliyetakiwa kuambiwa hakuwa mbinguni. Alikuwa hatua arobaini kutoka pale, anakunja kitambaa.

Aliporudi alikuta watu wamebaki darasani. Yule bibi alikuwa amekaa kwenye dawati jipya ambalo bado lilikuwa na nailoni, akikataa kwenda nyumbani. Fundi alisimama dirishani, mbali naye. Mwalimu alijifanya anapanga chaki. Meja na wanafunzi wengine sita au saba walikuwa wamevaa miwani yao na hawakujua watazame wapi. Afisa peke yake ndiye aliyekuwa na furaha, akiviringisha bango lake.

"Katibu, mama yangu, nilikuwa nakutafuta! Yale maisha ya yule mjane tutayachapa kwenye kijitabu cha mwaka, na kwenye mtandao pia. Nahitaji picha yake tu. Yupo hapa?"



Meja, Mungu ambariki, alikuwa mtu mwema. Alijikuna shingo, akasema, "Aa, dada, yule mjane alihama. Mbali kweli. Hata simu hana."

"Oo," afisa akasema. "Basi tutaweka picha ya cherehani. Si ndiyo, Katibu?"

Wote wakamtazama. Hakutakiwa hata kufungua mdomo. Kutikisa kichwa kwa kukubali tu, na bango lingeingia kwenye gari, na miwani ingebaki puani mwa wenyewe. Katibu alimwona Fundi akigeuza uso nje ya dirisha, kama mtu anayejua jibu.

"Hapana," alisema Katibu.

"Hapana picha?"

"Hapana yote. Yule mjane hakuhama, dada. Wala hakuniruhusu. Haikuwa hadithi, ilikuwa barua. Aliniambia niiandike kwa sababu mkono wake ulikuwa bado, nami nikaiiba. Mwalimu aliponiuliza nimeitoa wapi, nilimsingizia Mungu."

Mwalimu aliacha chaki.

Afisa alifungua mkoba, akatoa fomu, akaiweka kwenye dawati kwa upole. "Lakini mama, hapa kuna alama ya idhini. Na hii si saini yako?"

"Ni yangu. Nilidanganya."

"Mama, naomba unielewe." Sauti ya afisa ilishuka. "Swali la saba ndilo lililowapa ruzuku. Likiondolewa, kamati itabidi ikae upya. Siwezi kuwaahidi chochote. Vitu vinaweza kurudishwa."

Mnong'ono ukapita. Muuza mboga alishika miwani yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyesikia upepo. "Katibu, si yameshapita?" alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki. Sasa turudi gizani ili iweje?"

"Kweli, mama," mwingine akadakia. "Fundi mwenyewe hajasema kitu."

"Atasema nini, wakati mmeshamsemea wote?" Ilikuwa sauti ya yule bibi. Aligonga fimbo sakafuni mara moja. "Wewe Katibu. Hiyo barua alikuwa anaandikiwa nani?"

Katibu alitamani sakafu ipasuke. "Wewe, mama."

"Ilianzaje?"

"Ilianza, 'Mama.'"

"Basi ilikuwa yangu." Bibi alitafuna mdomo usio na kitu. "Watu mia mbili wamesomewa barua yangu kabla yangu. Mwanangu nimemzika mara ya pili leo, nikiwa nimekaa kiti cha mbele, napigiwa makofi."

Fundi alisogea hatua moja. "Mama..."

"Wewe tutaongea nyumbani. Leo siwezi. Nikikutazama nakasirika, na sitaki kukasirika mbele za watu." Hakusema kwa ukali, ila hakumgeukia. "Nitakuja kuzungumza nawe, lakini si leo." Kisha akamwelekezea Katibu fimbo. "Wewe ndiye nataka kukusikia. Usiniambie umeshatubu kwa Mungu. Yeye namjua, atakusamehe. Mimi nauliza utafanya nini."

Katibu alitazama chini. Tope la nyuma ya tangi lilikuwa limekauka magotini kwenye vazi lake, madoa mawili ya mviringo ambayo kila mtu aliyaona. Alifikiri juu ya Meja na masharubu ya mkewe. Alifikiri juu ya muuza mboga na herufi zake zilizosimama. Alifikiri kwamba kuanzia kesho watu watapita mbele ya kamba yake ya kuanikia mashuka bila kumwita kwa jina lile alilolipenda, na kwamba watakuwa na haki. Alitaka sana kulia, lakini aliona kwamba machozi yake nayo yangekuwa ya kuwaomba wamwonee huruma, akayazuia.

"Katibu, sema," Mwalimu alimwambia taratibu. "Sema kwa sauti, tusikie wote."

Akavuta pumzi. Hakumtazama bibi wala afisa. Alimtazama Fundi, ambaye bado alikuwa amekumbatia kile kitambaa kilichokunjwa.

"Mbele ya mama huyu, na Mwalimu, na dada wa mfuko, na ninyi wanafunzi wenzangu, naahidi. Jumatatu asubuhi, kabla sijagusa shuka hata moja, nitakuwa mlangoni kwa kamati, nilifute swali la saba kwa mkono wangu, na niandike pale pale kwamba idhini haikuwepo na mwongo ni mimi. Lisichapwe popote. Jumamosi ijayo nitasimama uwanjani, na kama hakuna spika nitapaza sauti, niseme mbele ya walewale waliosikia leo. Na kamati ikidai vitu vyake, miwani nitaikusanya mimi, nyumba kwa nyumba, jozi kwa jozi, na kwenye kila mlango nitasema inaondoka kwa sababu yangu mimi, wala si kwa sababu ya Fundi."